Makapi ya Machikichi na Macho ya Yaya

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuchoma rangi. Nilikamua mafuta mekundu kutoka kwenye makapi ya machikichi, nikayabandika jikoni, nikayachemsha mpaka wekundu wote ukatoweka, kisha nikampa dada yangu mjamzito yale meupe yaliyobaki, nikiamini nimempa dawa. Kumbe dawa ilikuwa ndani ya ule wekundu. Nilichompa ni mafuta ya kukaangia tu, tena kidogo. Lakini sitaki kujinyima sifa: yalikuwa safi kuliko yoyote yaliyowahi kuonekana kando ya ziwa hili.

Nieleze tulivyofika hapo, maana ujinga wa kiwango hicho hauji wenyewe. Unahitaji maandalizi, na mimi ni mtu wa maandalizi.

Tulikuwa tunaishi Rumonge, mtaa wa Waswahili, mimi na dada yangu mkubwa. Kwetu dada mkubwa anaitwa yaya. Mume wake, mvuvi, alikuwa amevuka kwenda Kigoma baada ya askari kukataza uvuvi wa usiku. Alisema atatuma habari akishapata pa kukaa. Shemeji yangu hakuwa mtu wa kusema uongo, kwa hiyo nadhani mpaka leo bado anatafuta pa kukaa.

Vita tulikuwa tumeshaizoea, kama watu wanavyomzoea mgeni asiyeaga. Waasi walikuwa milimani, askari walikuwa barabarani, na sisi tulikuwa katikati tukiuza mihogo. Baadhi ya jioni risasi zilisikika kutoka juu, na kila mtu alijua la kufanya: unachukua mkeka, sufuria na watoto, unateremka ufukweni, unalala mchangani kati ya mitumbwi, asubuhi unarudi kuangalia kama mlango bado upo. Ilikuwa shughuli ya kawaida, yenye hata mizaha yake. Shida yetu ilikuwa moja. Safari ya kuteremka ilianza giza likiingia, na yaya, mimba ilipokua, akaacha kuona giza likiingia.

Mchana aliona kila kitu, hasa makosa yangu. Lakini jua likishazama nyuma ya milima ya Kongo, alikuwa kama mtu aliyefungwa kitambaa usoni. Alinificha kwa muda. Alikuwa akipapasa ukuta, nami nikadhani ni uchovu. Nilijua ukweli jioni ile tuliyoteremka na majirani, nikamwachia mkono ili nibadilishe bega la kubebea mkeka, akaingia moja kwa moja kwenye mtaro wa barabara. Aliangukia ubavu. Usiku kucha alikaa ameshika tumbo, akingoja mtoto acheze. Mtoto alicheza alfajiri. Mimi sikuwa nimepumua tangu mtaroni.

Kesho yake tulikwenda kwenye kituo cha afya. Muuguzi, mama mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimtazama yaya machoni kwa tochi.

"Jicho halina ugonjwa," akasema. "Ni mwili umekosa kitu. Mutoto tumboni anachukua, wewe unabaki na deni. Kuna vidonge vyake. Vilikuwa vinakuja na kamyo kutoka Bujumbura. Muliona kamyo?"

"Hapana, mama," nikasema.

"Na mimi sijaona. Basi mupe mafuta ya mawese. Kijiko, kila siku, juu ya chakula. Na maini, kama muko na ng'ombe."

"Hatuna ng'ombe."

"Najua. Nilikuwa naongea tu. Na asianguke tena. Ile tumbo haitavumilia mara ya pili."

Sasa mtu wa mbali atacheka: watu wa Rumonge, kukosa mafuta ya mawese? Michikichi imetuzunguka kama nywele zinavyozunguka masikio. Ni kweli. Lakini hiyo ilikuwa miaka ya ambargo, nchi ilipowekewa vikwazo vya biashara. Mafuta ya nje hayakuingia nchini, Bujumbura yote ikawa inakula mafuta yetu, na kila bidoni, yaani dumu, iliyojaa ilipanda gari na kuondoka kwa msafara wenye askari mbele na nyuma. Nadhani mawese yalisindikizwa vizuri kuliko mawaziri. Kilichobaki kilikuwa cha wenye miti. Sisi tulikuwa na miti michache upande wa juu wa Gatete, chini ya mlima, mahali ambapo mtu aliyekwenda kukata mashada alikuwa anakatwa yeye.

Mimi nilikuwa nafanya kazi kwenye presi ya mtu mmoja hukohuko Gatete, ng'ambo salama ya barabara. Presi ni pipa la chuma lenye matundu, na parafujo kubwa juu yake. Machikichi yanachemshwa, yanatwangwa, yanamiminwa ndani, kisha wanaume wawili wanazunguka na nondo kama punda mpaka mafuta yatoke chini. Mimi nilikuwa punda wa pili. Kinachobaki ndani ni makapi: nyuzinyuzi za rangi ya chungwa, zenye joto, zimechanganyika na kokwa. Kokwa wanawake walizichambua wakazikamua mafuta yake. Nyuzi zilianikwa zikawa kuni, au zilitupwa tu, na rundo lake nyuma ya presi lilikuwa refu kuliko patroni wetu, mwenye presi, jambo ambalo si gumu.

Hapa ndipo elimu yangu ilipojitokeza. Shule yetu ilikuwa imefungwa kabla sijamaliza, lakini nilikuwa na kitabu cha kemia cha Kifaransa, kisicho na jalada wala sura za mwanzo. Nilijifundisha mwenyewe kuanzia katikati. Kwa hiyo najua mambo mengi magumu, na yale mepesi huwa nabahatisha. Humo nilikuwa nimesoma kwamba tunda la mafuta likishakamuliwa, makapi yake bado yanashikilia mafuta, na kwamba vitu vya rangi hung'ang'ania kwenye nyuzi kuliko vinavyotoka. Nilisoma hivyo nikafurahi kama mtu aliyeandikiwa barua.

Nilimwendea patroni.

"Patroni, naomba makapi."

"Chukua. Nani amekukataza kuwasha moto?"

"Si ya kuwasha. Nataka kuyakamua."

Alinitazama, akamtazama mwenzangu wa kwenye nondo, jitu la Kivu Kusini lenye shingo kama kinu.

"Sikia huyu," patroni akasema. "Ninyi wawili mumeyakamua na chuma. Sasa yeye peke yake atayakamua na nini?"

"Na vitabu," jitu likajibu. "Huyu si mufanyakazi, patroni. Huyu ni dogteri wa makapi."

Jina likanishika siku hiyohiyo. Mpaka wauza samaki wa Magara waliokuwa wanapita na baiskeli walilijua.

Nilibeba gunia la makapi nyumbani. Niliyatia kwenye sufuria na maji ya moto, nikayakoroga, nikayatia kwenye mfuko wa sandarusi, nikaweka ubao juu na juu ya ubao nikakaa mimi mwenyewe, maana jiwe la kutosha sikupata. Maji machafu yalitoka, na juu ya maji, polepole, yakaelea mafuta. Mekundu kiasi kwamba niliogopa nimejikata. Wekundu wa presi si kitu mbele yake. Ulikuwa wekundu wa pili, mzito, uliochelewa kutoka kwa sababu ulikuwa haupendi kutoka.

Mtu mwenye akili angechota kijiko akampelekea dada yake. Mimi niliona povu. Niliona vipande vya nyuzi, maji ya kahawia, na harufu ya kuchachuka kidogo. Nikaona aibu, ingawa hakuna aliyekuwa ananitazama.

Na hapa lazima niwataje watu wetu pia, nisibebe ujinga wote peke yangu. Kwetu, nyumba yenye heshima haipiki na mawese mabichi. Mafuta yanawekwa motoni peke yake kwanza, yanaungua, yanatoa moshi wa kukohoza mtaa mzima, wekundu unakufa, yanabaki meupe na yasiyo na harufu. Hapo ndipo vitunguu vinaruhusiwa kuingia. Bibi arusi anapimwa kwa weupe wa mafuta yake. Mafuta mabichi ni ya watu wa shamba, watu wenye haraka, watu ambao mama zao hawakuwafundisha. Mama yetu alitufundisha.

Basi nikayachuja kwa shati langu la shule, nikayabandika, nikakaa nayo mpaka yakawa kama maji. Yalijaa nusu ya chupa ya fanta. Lile povu jekundu, lile tope zito lenye kila kitu, nilikuwa nawamwagia bata wa jirani. Kwa majuma kadhaa sidhani kama kuna bata katika ukanda mzima wa Tanganyika walioona vizuri usiku kama wale.

Yaya alikunywa kijiko chake cha meupe kila siku bila kulalamika, jambo ambalo lingetakiwa kunishtua. Magharibi ikifika bado alikuwa anapapasa ukuta. Tuliteremka ufukweni mara nyingine, nikamburuta kwa mikono yote miwili, mkeka tumeuacha. Alikanyaga watu. Alikuwa anaomba radhi kwa vivuli.

Nikarudi kwa muuguzi, nikaweka chupa mezani kwake kwa adabu zote.

"Amahoro, mama," nikamsalimu. "Nampa kila siku, haoni."

Aliinua chupa kwenye mwanga. "Hii ni nini? Maji ya betri?"

"Ni mawese, mama. Nimeyasafisha."

"Wekundu wake uko wapi?"

"Nimeutoa."

Alivua miwani, akaifuta pole pole kwenye kitenge. Nadhani alikuwa anajipa muda wa kutonipiga.

"Sikiliza, kijana. Kitu macho yanatafuta ni ule wekundu wenyewe. Moto ukikaa nao sana, unaumaliza. Wewe unachoma dawa, unamupa dada yako chupa tupu ya dawa."

"Hukuniambia, mama."

"Sikukuambia pia usimupe na kifuniko. Nenda. Mekundu. Mabichi. Kabla hajazaa, usingoje afe."

"Murakoze," nikasema, maana asante ya Kirundi hutoka kinywani hata ukiwa umetukanwa.

Ungetegemea mambo yaishie hapo. Hunijui. Nilikuwa nimeambiwa kitu cha thamani kimo ndani ya uchafu. Kwa hiyo kichwani mwangu kazi ilikuwa moja tu, kukitoa kikiwa peke yake. Kitabu kilisema rangi za mimea hutolewa kwa pombe kali. Pombe kali tuliyokuwa nayo ni kanyanga, inayopikwa kwa siri na kunywewa kwa kelele. Nikanunua chupa, nikaipitisha mtaani chini ya koti, nikaloweka makapi kwenye ndoo chini ya kitanda changu. Nyumba ya Waislamu, mwanamke mjamzito, na chumba kinanuka kama kilabu. Yaya alifungua madirisha yote, akamwaga ndoo nzima nje, mbele ya majirani waliokuwa wametoka msikitini.

"Ni ya shimi," nikasema. Ndivyo tunavyoiita kemia, kutoka Kifaransa.

"Leo ni shimi," akajibu. "Kesho utaniletea mwanamuke, useme ni jiografia."

Kwa faida ya sayansi niongeze kwamba kanyanga haikutoa chochote isipokuwa maji ya manjano na sifa mbaya.

Baada ya hapo nikarudi kwenye maji ya moto na ubao. Nilipata mafuta mekundu, sikuyachoma. Lakini yalikuwa na ukungu ndani, basi nikayaweka kwenye chupa dirishani, juani, yatulie. Nilikuwa nayaangalia kila saa. Kweli yalitulia. Pia yalififia, siku baada ya siku, kutoka damu mpaka chungwa, kutoka chungwa mpaka chai ya rangi. Jua nalo linakula wekundu, taratibu, bila moshi. Nilikuwa nimegundua njia ya pili ya kuharibu dawa, tena isiyotumia kuni.

Niseme kilichokuwa moyoni, maana kuchekesha ni rahisi zaidi. Nilichoogopa hakikuwa nyuzi wala ukungu. Niliogopa kumpa kitu chenye kasoro, halafu asipone, halafu aanguke, na kasoro ile iwe na jina langu. Wakati nilipokuwa nachuja, hakuna aliyeweza kusema nimeshindwa. Nilikuwa bado nafanya kazi. Kumbe yeye alikuwa anahesabu jioni zilizobaki, na mimi nilikuwa nahesabu vumbi.

Siku aliyomaliza mjadala nilikuwa uani, nimekaa juu ya ubao. Makapi yalikuwa ya asubuhi hiyo, bado yana uvuguvugu wa presi. Yaya akatoka na sahani ya ugali wa muhogo na dagaa, tumbo mbele, akasimama juu yangu.

"Mafuta iko wapi?"

"Bado, yaya."

"Bado nini? Nayaona, yale pale yanaelea."

"Yana uchafu. Ngoja niyachuje, halafu yatulie, halafu..."

"Halafu nikuambie mimi," akasema. "Nikikungoja wewe, huyu mutoto atazaliwa, atasoma, ataoa, na wewe iko unachuja. Toa hiyo makalio yako."

"Yaya, yananuka. Mama asingekubali."

"Mama alikuwa anaona."

Aliinama kwa shida, akachota na upawa yale mekundu pamoja na povu, pamoja na nyuzi, akayamwaga juu ya ugali. Akala amesimama. Uso wake ulisema wazi kwamba hayakuwa matamu. Alitema unyuzi mmoja, akautazama, akaufuta kwenye bega langu.

"Sasa bata wa jirani watakula nini?" akauliza, akaingia ndani. Kumbe siku zote alikuwa anajua ninachomwaga na wapi.

Tangu siku hiyo kazi yangu ilikuwa kubeba tu. Makapi yakitoka kwenye presi nayachukua yakiwa moto, maana yakilala yanachachuka. Nayapeleka nyumbani, maji ya moto, ubao, upawa, sahani. Hakuna shati, hakuna dirisha. Patroni aliniona nakimbia na gunia linalofuka moshi, akanipigia kelele, "Dogteri, mugonjwa yuko hali gani?" Nikajibu kwamba anakula. "Basi ni mugonjwa wa kweli," akasema, na kuanzia hapo akawa ananiachia niondoke kabla ya wengine. Jitu la Kivu lilizungusha nondo peke yake katika ile dakika niliyokosekana. Mimi sikulishukuru, kwa kuogopa litacheka.

Haikuchukua muda mrefu kama nilivyotegemea. Jioni moja nilikuwa nimekaa mlangoni, mwanga umeshakuwa wa majivu, nikamkunjia yaya uso nyuma ya mgongo wake alipokuwa ananikaripia kuhusu ndoo. Akageuka kabla sijaukunjua.

"Kunja tena," akasema. "Nimeona."

Sikuamini. Nilimwonyesha vidole. Akavitaja kwa hasira, akasema yeye si mtoto wa darasa la kwanza. Nikaingia ndani nikajifanya natafuta kiberiti.

Mtihani wenyewe ulikuja siku chache kabla hajajifungua. Risasi hazikuanzia juu mlimani safari hii; zilianzia karibu, upande wa michikichi, na watu hawakuteremka kwa mizaha. Walikimbia. Giza lilikuwa limeshika barabara. Nilimkamata yaya mkono, nikaanza kumvuta kama nilivyozoea, nikimwambia hapa jiwe, hapa kona, hapa kuna mtu.

"Niache mkono," akasema. "Unanikwaza."

Nikamwachia. Lilikuwa jambo gumu kuliko yote niliyofanya miaka ile, na sikulifanya kwa ushujaa, aliukwapua tu. Akajifunga kanga sawasawa, akapita mbele yangu. Pale kwenye mtaro kulikuwa na ubao mmoja wa kuvukia, mwembamba, na watu walikuwa wanasukumana. Aliusubiri uwe wazi, akauangalia, akaweka mguu. Akavuka. Mimi nilikuwa nyuma nikiwa na mkeka na sufuria, nikitazama miguu yake tu, miguu miwili iliyovimba ikijua inapokanyaga.

Ufukweni tulilala kati ya mitumbwi na mtoto alicheza tumboni mpaka kukacha. Yaya alisema nyota ni nyingi mno, zinamnyima usingizi. Nikamwambia afunge macho. Akasema hataki.

Mtoto ni wa kike, naye sasa anatembea na kuvuta vitabu vyangu. Nyumba yetu ilipoteza mlango, lakini ukuta upo. Barabara ya Bujumbura imeanza kupitika na vidonge vimerudi kwenye kituo cha afya. Patroni sasa anakamua makapi mara ya pili kwa maji ya moto kabla ya kuyatupa, na mimi ndiye ninayesimamia hiyo kazi. Mafuta nayatia kwenye chupa nyeusi, jua lisiyale, na wajawazito wa mtaa wanakwenda nayo nyumbani bila kuyachoma, ingawa mama wakwe zao wanalalamika. Yanatoka na ukungu na nyuzi mbili tatu. Nayatoa hivyohivyo, siku hiyohiyo.